Kosa la Herufi Mbili

Jambo ambalo Nukta hakuliona kwa miaka yote ile lilikuwa na herufi mbili tu, na lilikaa katikati ya neno aliloandikiwa yeye mwenyewe. Mtu mwingine angesamehewa. Nukta alikuwa msahihishaji wa vitabu; riziki yake ilitokana na kuona herufi ambazo wengine wamezipita. Angeweza kukuonyesha, kwenye ukurasa uliokwisha kupitiwa na watu wengi, mahali ambapo "kutokana" imeandikwa "kutokona", na angekuonyesha bila majivuno, kama mtu anayekuondolea uzi begani. Lakini kosa hili lililomhusu yeye lilimpita mwaka baada ya mwaka, naye anacheka na kunywa chai.

Jina la Nukta alilipata chuoni. Walikuwa darasa moja la lugha, na yeye hakuweza kuvumilia sentensi isiyofungwa. Alikuwa akipita kwenye ubao wa matangazo na kalamu mkononi, akiweka nukta mwishoni mwa amri za utawala, hata zile za kuwafukuza watu bwenini. Mwenyekiti wa darasa ndiye aliyeanza kumwita hivyo kwa utani, na jina likamganda. Siku hizi hata mama yake mzazi humwita Nukta akiwa na furaha. Jina la kuzaliwa amelihifadhi kwa ajili ya hasira.

Walipohitimu wakatawanyika, kama ilivyo kawaida, na pengine wangesahauliana kabisa kama si Katibu. Katibu alikuwa amelala kitanda cha pili katika chumba kimoja na Nukta tangu siku ya kwanza ya masomo. Hakuna aliyempigia kura. Alijitwalia ukatibu kwa sababu alikuwa na sauti, na sauti hiyo baadaye ilimfikisha kwenye ualimu mkuu wa shule kubwa. Kila mwaka, likizo ilipoanza, alimpigia simu mmoja mmoja, akamhoji kama mzazi anayemngojea mtoto mlangoni, kisha akatuma kwenye kundi la simu maandishi aliyoyaita "Habari za Wenzetu". Nani amepata kazi, nani amehama, nani amezaa, nani amempeleka mtoto chuo kilekile walichosoma wao. Nukta aliyapenda maandishi hayo. Aliyasoma akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, maji yakichemka, akiwaona wenzake wakipita mbele yake wamevaa maisha yao mapya. Akifika kwenye jina lake, alitabasamu kidogo na kuendelea na mwingine.

Mwaka ule darasa lilikuwa linatimiza miaka ishirini tangu kuhitimu. Wakakubaliana kukutana katika ukumbi, na Katibu akapendekeza habari za wote zichapwe katika kijitabu. Yeye angezisoma kwa sauti, na kila atakayesomwa angesimama ili wenzake wamwone na kumpigia makofi. Kazi ya kusahihisha kijitabu ikaangukia pale ilipopaswa kuangukia.

"Kipitie tu haraka, mwenzangu," Katibu alimwambia kwenye simu. "Wewe ni jicho letu."

Chumba cha wasahihishaji kilikuwa nyuma ya ghala la karatasi, mahali ambapo harufu ya wino na gundi haikutoka hata madirisha yakifunguliwa. Meza ya Nukta ilikuwa na taa yenye shingo ya kupinda, kopo la kalamu nyekundu, na rula ya mbao iliyolika ukingo. Kusoma kwake kulikuwa kwa aina mbili. Kulikuwa na kusoma kwa raha, ambako jicho hukimbia likifuata habari. Na kulikuwa na kusoma kwa rula. Hapo aliweka rula chini ya mstari, akaanza na neno la mwisho na kurudi nyuma kuelekea la kwanza, ili maana isimdanganye na kila neno lisimame peke yake mbele yake. Habari za wenzake alikuwa amezisoma kwa raha miaka yote. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alizisoma kwa rula.

Mwanzoni alicheka peke yake. Mwenyekiti wa darasa, ambaye sasa alikuwa meneja wa benki, alikuwa "amepanda cheo, amejenga, amejaaliwa mtoto wa nne". Mwenzao mmoja alikuwa "ameacha ualimu na amegeukia kuku, wote wanaendelea vizuri". Mwingine alikuwa "ameolewa tena, safari hii kwa utulivu". Nukta alirekebisha vituo, akafuta herufi zilizojirudia, akaacha utulivu wa yule bibi harusi kama ulivyo. Rula ikateremka. Amehitimu, amehamia, amefungua, amepata. Kila mtu alikuwa na "me" yake, na zote zilikuwa zimekamilika, zimeiva, ziko tayari kupigiwa makofi.

Ndipo rula ikafika kwake.

"Nukta bado yuko kampuni ileile ya vitabu. Hajapanda cheo. Hajaolewa. Tunamwombea."

Kwa kuwa alikuwa anatoka mwisho kwenda mwanzo, alianza kuombewa kabla hajajua ana tatizo gani. Akalisoma neno la pili, akalikata vipande kama walivyofundishwa darasani. Ha. Ja. Ol. Ew. A. Akakumbuka mhadhiri wao wa sarufi, mtu mwembamba aliyekuwa akitembea huku na huko mbele ya ubao: huyu "ja", aliwaambia, ni kiambishi cha kungojea. Hajala, kwa hiyo chakula kinakuja. Hajafika, kwa hiyo yuko njiani. Anayesema "ja" anatazama mlango.

Hajaolewa. Kwa hiyo yuko njiani. Nukta akaweka kalamu chini. Njia ipi? Yeye hakuwa njiani. Alikuwa amefika siku nyingi, amevua viatu, amekaa.

Si kwamba hakuna aliyewahi kumtaka. Alikuwapo mwalimu mmoja wa jiografia, mtu mpole mwenye kicheko kizuri, aliyekuja kumtembelea kwa muda mrefu na hakuwahi kumkosea heshima. Nukta alimpenda kiasi cha kumfikiria kwa uaminifu. Katika kufikiri huko aligundua kwamba kila mara mgeni huyo alipoaga na mlango kufungwa, nyumba ilimrudia kama ukurasa wenye nafasi nyeupe pande zote, naye alisikia raha ambayo hakuiona sababu ya kuionea haya. Akamwambia hapana. Mwalimu alihuzunika, akaoa kwingine, na hadi leo wakikutana husalimiana vizuri. Na cheo nacho: mara mbili alipewa ukuu wa idara, mara mbili akaukataa, kwa sababu alikuwa ameingia katika ofisi ya mkuu wa idara na kukuta mle ndani hakuna anayesoma chochote; kuna vikao tu. Hayo yalikuwa maamuzi. Aliyafanya kwa akili zake timamu. Sasa, kwenye kijitabu cha darasa lake, yalikuwa yamegeuzwa ucheleweshaji.

Alichukua kipande cha karatasi akajaribu nyakati nyingine. "Hakuolewa" ilisikika kama wasifu unaosomwa kabla ya mazishi. "Hataolewa" ilikuwa utabiri, na yeye hakuwa mtabiri. "Haolewi" ndiyo iliyokaa mahali pake: wakati uliopo, mtu aliyepo, jambo lilivyo. Pembeni mwa habari yake akaandika, kwa mwandiko uleule aliowaandikia waandishi wote: "Mwandishi: je, ndivyo mhusika anavyosema? Pendekezo: Haolewi." Msahihishaji harekebishi maana ya mtu bila kumuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi yake, na hakuwahi kuivunja.

Aliivunja mistari michache baadaye. Alifika kwenye habari ya Mtangazaji, yule ambaye sauti yake ya redioni iliamsha nyumba za watu asubuhi. Ilikuwa imeandikwa: "Yeye na mkewe hawajajaaliwa mtoto. Tunawaombea." Damu ikamchemka. Wamemfanyia na huyu! Bila kuuliza, bila kuandika chochote pembeni, akakata sentensi yote, akaandika "Hawana mtoto", akafuta maombi. Alijiona ametenda haki. Akafunga bahasha, akaipeleka.

Kesho yake alasiri Katibu alitokea mlangoni mwa chumba cha wasahihishaji, mkoba begani, bahasha mkononi, miwani imepanda kichwani.

"We Nukta! Umekichorachora kitabu changu kama mtihani wa mtoro."

"Karibu kiti."

"Sikai. Makosa ya herufi nimekubali yote. Hata lile la 'mkurugenzi' kuwa 'mkurungezi', ingawa kwa ninavyomjua mwenyewe kwa kuvuruga mambo, mimi sikuona kosa. Lakini hapa kwako! 'Haolewi'! Hilo ni neno au ni mlango unabamizwa?"

"Acha ubamizwe."

"Mimi nilikuwa nimekuachia wazi kidogo. Kwa mapenzi."

"Najua ni kwa mapenzi. Lakini mlango huo unaniletea upepo, mwenzangu. Miaka yote nimekaa kwenye upepo wako."

Katibu alivuta pumzi kama anayetaka kuhutubia gwaride la asubuhi. "Unajua watu watasemaje? Watasema una kiburi. Watasema una siri. 'Hajaolewa' ni neno la adabu. Linamfunika mtu."

"Linanifunika nini? Sijavuliwa nguo." Nukta alichukua rula akaigonga mezani taratibu. "Kile kiambishi ni cha kungojea. Mimi singojei."

"Usinifundishe sarufi. Mtihani ule nilikuzidi."

"Kwa alama moja."

"Kuzidi ni kuzidi." Katibu sasa alikaa, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na maneno yalikuwa bado mengi. "Na kwanza, mama, hiyo 'ja' si yangu. Ni yako."

"Yangu vipi?"

"Kila mwaka nakupigia simu. Sikupigii? Nakuuliza, vipi, umeolewa? Wewe unanijibu nini?"

Nukta aliiweka rula chini.

"Sema."

"Nasema... bado."

"Bado! Tena kwa sauti tamu, kama mtu anayesubiri chai. Miaka ishirini nakusikia bado, bado, bado. Mimi ni katibu. Naandika ninachosikia."

Hapo Nukta akanywea. Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa amelisema neno hilo kwa Katibu, kwa jirani, kwa fundi wa viatu, kwa daktari wa meno aliyemuuliza huku amempanulia kinywa. Alilisema kama watu wote wanavyolisema, kwa sababu ukiulizwa umekula, umepona, umeoa, jibu la upole ni bado; ukisema hapana, muulizaji anatazama kama umemtupia kitu. Hakuwahi kudhani ni ahadi. Lakini lilikuwa limesikika kama ahadi, likaandikwa kama ahadi, na sasa watu walikuwa wanamwombea aitimize.

Akanyoosha mgongo. "Basi niulize leo."

"Nini?"

"Niulize kama unavyouliza kila mwaka."

Katibu aliutazama ukuta, akaitazama taa, akauliza kwa shingo upande, "Umeolewa?"

"Hapana. Sikutaka, sitaki, siolewi. Andika unachosikia."

"Hee," alisema Katibu, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Alikusanya karatasi zake. Mlangoni akageuka. "Nitaona."

"Ukinisoma ukumbini kwa neno lile, Katibu, sitakaa kimya. Hilo ni darasa langu pia. Nataka nisimame mbele yao kwa neno langu, au nisisimame kabisa."

"Nimesema nitaona."

Nukta aliijua "nitaona" hiyo. Ndiyo ambayo Katibu aliwapa wazazi waliokuja kumwomba nafasi darasa likiwa limejaa.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni akishona vifungo vya sweta. Mama alikuwa amehamia kwake baada ya kufiwa na mumewe, akachukua chumba chenye jua, na tangu hapo walikuwa wameishi kama wapangaji wawili wanaopendana. Nukta alimsimulia yote, kisha akauliza, "Na wewe Mama, wakikuuliza habari zangu, unasemaje?"

"Nasema bado."

"Hata wewe!"

"Mimi nilijua siku nyingi huolewi, mwanangu. Yule wa jiografia alipoondoka, ulifagia nyumba huku unaimba. Mtu aliyepoteza haimbi vile." Mama alikata uzi kwa meno. "Lakini ukisema bado, wanasema haya, Mungu mkubwa, wanaondoka. Ukisema hapana, wanaomba kiti."

Nukta alicheka hadi machozi yakamtoka, na bado alikuwa anajipangusa simu ilipolia. Alikuwa Mtangazaji. Sauti ile ambayo nchi nzima iliijua ikiwa imechangamka, sasa ilikuwa imeshuka chini kabisa, kama ya mtu anayeongea chumba cha mgonjwa.

"Dada Nukta. Katibu kanisomea ulichoniandikia."

"Nilitaka kukuondolea ule upuuzi, ndugu yangu. Na wewe walikuwa wamekuweka kwenye foleni."

"Nani kakuambia hatuna mtoto?"

Nukta alishindwa kuelewa. "Mnaye?"

"Hatujapata. Hatu-ja-pata, dada. Tumekwenda hospitali, tumerudi, tumekwenda tena. Mke wangu ameshona nguo ndogo, ziko kabatini. Wewe umetufunga kwa kalamu moja." Akakohoa. "Wewe 'ja' yako huitaki, sawa, ni yako. Niachie ya kwangu. Ndiyo niliyo nayo."

Mama aliacha kushona. Nukta alisimama katikati ya sebule, uso ukimwaka, akaiona kalamu yake nyekundu ikipita juu ya kabati la watu wengine bila kubisha hodi. Kitu kilekile alichofanyiwa yeye kwa upole, yeye alikuwa amekifanya kwa ghadhabu, na kwa mtu ambaye hakumuuliza.

"Nisamehe," alisema. "Sikukuuliza. Nitairudisha sasa hivi."

"Na ile 'tunawaombea' pia irudishe. Mke wangu anaipenda."

"Nairudisha."

"Haya." Sauti ikapanda kidogo. "Lakini ile ya kwako, pigania. Nilicheka. 'Haolewi'! Unafikiri Katibu ataweza kulitamka? Atapaliwa."

Alimpigia Katibu usiku haujaingia, akamwambia airudishe habari ya Mtangazaji kama ilivyokuwa, kila herufi. Katibu akaahidi. Kuhusu ya Nukta mwenyewe hakusema kitu, na Nukta hakuuliza tena. Aliyoyasikia kutoka kwa Mtangazaji hayakumlegeza hata kidogo. Yalimfundisha kwamba kosa halikuwa kwenye kiambishi. Kiambishi ni chema kwa anayengojea. Kosa lilikuwa kuwekewa na mtu mwingine. Kwa hiyo lake alilishikilia kwa nguvu zaidi.

Siku ya kukutana, ukumbi ulijaa. Watu waliokuwa wembamba walikuwa wamenenepa, na waliokuwa na nywele walikuwa wamevaa kofia. Walikumbatiana, wakapigana vibao vya mgongo, wakaonyeshana picha za watoto. Nukta aliuliza majina ya watoto hao na kuyashika yote, kwa sababu kwa kweli alitaka kuyajua. Vijitabu viligawiwa mezani, vimefungwa utepe, na Mwenyekiti akaamuru visifunguliwe kabla Katibu hajaanza kusoma.

Katibu alipanda jukwaani. Alisoma vizuri; hilo lazima lisemwe. Mwenyekiti alisimama na tumbo lake, akapigiwa makofi. Mfugaji akasimama, mtu akawika kama jogoo, ukumbi ukavunjika mbavu. Mtangazaji alisimama na kuweka mkono begani mwa mkewe aliyekuwa ameketi kando yake, na Katibu aliposoma "hawajajaaliwa mtoto, tunawaombea", watu walisema "amina" kwa sauti ya chini, na yule mke akainamisha kichwa akitabasamu.

Kisha Katibu akafunua ukurasa.

"Nukta," alisoma, "ni msahihishaji wa vitabu vya shule. Watoto wenu wote wamesoma vitabu vilivyopita mikononi mwake. Amekataa ukuu wa idara mara mbili kwa sababu anaipenda kazi yake." Makofi yalianza, Nukta aliinuka akitabasamu, kwa kuwa rafiki yake alikuwa ameandika hayo vizuri kuliko yeye mwenyewe angeweza. Katibu hakumtazama. Alimalizia kwa haraka, macho kwenye karatasi. "Hajaolewa. Tunamwombea."

"Amina," ukumbi ukaitikia.

Nukta alikuwa amekwisha kusimama. Angeweza kukaa, makofi yalikuwa mengi na ya upendo, na dakika inayofuata ingekuwa ya mtu mwingine. Hakukaa.

"Katibu," alisema, "kuna kosa la uchapaji."

Makofi yakakatika. Katibu alivua miwani.

"Ukurasa huohuo, mstari wa mwisho. Wenzangu, tafadhali funueni. Sote hapa tulifundishwa kukata neno, na sidhani mmesahau. Toeni kalamu."

"Nukta, kaa chini bwana," Mwenyekiti alisema akicheka, "mjane mmoja nimekuwekea meza ile pale, usimwogopeshe!"

"Mpe salamu zangu, na mwambie atoe kalamu na yeye." Watu wakacheka, lakini utepe ulikuwa unafunguliwa meza hadi meza, na mikoba inapekuliwa. "Pale palipoandikwa 'hajaolewa', futeni 'ja'. Herufi mbili tu. Sasa mna 'haolewa', ambayo si neno. Ile 'a' ya mwisho ifanyeni 'i'."

Ukasikika mkwaruzo wa kalamu ukumbi mzima. Mameneja, walimu, wazazi, mwenye kuku, wote vichwa chini kama siku ya mtihani. Kutoka meza ya mbele mtu alisoma alichokipata, akijaribu neno ulimini: "Ha-o-le-wi." Mwingine akauliza kwa mashaka, "Kwa hiyo ndiyo hutaki kabisa?"

"Ndiyo. Si kwamba ndoa imechelewa. Haiji, kwa sababu sikuiita."

"Na 'tunamwombea' tuifute?"

Nukta alifikiri. Alimtazama mke wa Mtangazaji. "Iacheni. Lakini msiniombee mume. Niombeeni macho, ndiyo ninayoyatumia."

Hapo Mtangazaji akanyanyuka, akakohoa, na kwa sauti ileile inayoamsha nyumba za watu asubuhi akatangaza: "Ndugu wasikilizaji, tunaomba radhi kwa hitilafu iliyojitokeza. Hitilafu hiyo sasa imerekebishwa." Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga meza. Mwenyekiti alisikika akimwambia mtu, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba basi mjane wa watu amevaa suti bure.

Katibu peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama jukwaani na kijitabu chake kisicho na alama. Nukta alitoka mezani kwake, akapita katikati ya viti, akapanda, akampa kalamu nyekundu.

"Niliogopa," Katibu alimnong'oneza. "Nikasema ukija kubadili mawazo, utaona aibu, maandishi yatakuwepo."

"Nikibadili mawazo nitatoa kalamu tena. Si unajua kazi yangu?"

Katibu aliichukua ile kalamu. Alifuta herufi mbili, akaigeuza ya mwisho, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Kisha akavaa miwani, akarudi kwenye kipaza sauti, akasoma upya tangu mwanzo: vitabu vya shule, mikono yake, ukuu wa idara. Alipofika mwisho alisita kidogo, mdomo ukitafuta njia uliyoizoea, akaiacha.

"Haolewi," akasema Katibu. Na baada ya kumeza mate: "Nukta."

Hakuna aliyejua kama alikuwa anataja jina au anafunga sentensi. Walipiga makofi hata hivyo, na safari hii Nukta alisimama hadi yalipokwisha.

Tangu mwaka ule, Katibu akimpigia mtu simu haanzi tena kwa kuuliza kama ameoa au amezaa. Huuliza, "Nikuandike vipi?" kisha husubiri. Habari za wenzao zimekuwa ndefu zaidi, na zina makosa mengi zaidi ya herufi, na Nukta huyasahihisha yote kwa rula. Mtangazaji na mkewe wameomba "ja" yao ibaki, nayo imebaki. Na mtu akimuuliza Nukta kama ameolewa, humjibu hapana. Wengine huomba kiti. Yeye huwapa.